Dume gani aingie zizini? Njia nne kwa mfugaji wa kondoo aliyechoshwa na ugonjwa wa kiwele

Alfajiri moja ya mwezi wa tano nilipiga magoti kwenye matope ya zizi langu, huku mlimani Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, nikapitisha kiganja chini ya kondoo aliyekuwa amezaa mapacha siku tisa kabla. Upande wa kulia kiwele kilikuwa laini, na joto lake la kawaida. Upande wa kushoto ulikuwa baridi, na haikuwa baridi ya umande. Nikawasha tochi ya simu. Ngozi ilikuwa imegeuka zambarau inayoelekea weusi, na nilipobana chuchu yakatoka maji mekundu, mepesi, yasiyofanana na maziwa hata kidogo. Mapacha walisimama kando wamekunja migongo, matumbo yamebonyea. Mama yao alikuwa akichechemea, maana kila hatua ya mguu wa nyuma ilikuwa inagusa kiwele.

Daktari wa mifugo alifika mchana. Mama alipona, ingawa baada ya majuma kadhaa nusu ile ya kiwele ilikauka ikabanduka kama gome la mti. Pacha mmoja hakufika Jumapili. Kilichoninyima usingizi ni jambo jingine. Bibi wa mapacha hao, yaani mama wa huyo mgonjwa, alikuwa na fundo gumu kiweleni tangu uzao wake wa pili, na nilikuwa nalijua. Kaka wa mgonjwa ndiye dume niliyekuwa nimemwachia kundi zima kwa misimu miwili. Alikuwa dume mzuri, mgongo mpana, mkia umejaa. Kwa kuwa hana kiwele, sikumfikiria mama yake.

Ndiyo sababu siku hizi mtu akiniuliza anunue dume gani, namuuliza kwanza kama amemwona mama yake. Dume hubeba jeni za kiwele, yaani vinasaba vinavyorithiwa, bila kuzionyesha, kisha huzigawa kwa kila mtoto anayezaliwa zizini, ilhali jike mmoja huzigawa kwa watoto wake wawili watatu tu. Ukinunua dume, umenunua kiwele cha mama yake.

Makala haya ni kwa yule ambaye dume wake amezeeka au ameuzwa, na sasa anasitasita kati ya njia nne: kumwachia dume aliyezaliwa zizini mwake, kuchukua dume wa jirani, kununua Dorper (kondoo wa nyama wa asili ya Afrika Kusini) au chotara wake, au kusubiri teknolojia ya kupima jeni.

Jeni zina mkono kiasi gani?

Tuanze na ukweli usiopendeza: ugonjwa wa kiwele huletwa na bakteria, si na jeni. Wakubwa wao kwa kondoo ni wawili. Staphylococcus aureus hukaa kwenye ngozi na puani, na ndiye mara nyingi anayeleta kile kiwele cha baridi nilichokishika alfajiri ile. Mannheimia haemolytica hukaa kooni mwa wana-kondoo wenyewe, hivyo mtoto anaponyonya anaweza kumwingizia mama yake. Ongeza chuchu iliyochanwa na mwiba, vidonda vya midomo ambavyo watoto huwaambukiza mama zao kwenye chuchu, zizi lenye matope, mapacha wenye njaa. Hakuna dume anayefuta hayo.

Jeni huingia pale kondoo wawili wanapolala kwenye tope lile lile, mmoja akaugua na mwingine akabaki salama. Wataalamu hupima tofauti hiyo kwa kuhesabu seli za kinga zilizomo kwenye maziwa, kwa sababu kiwele kilichoingiliwa hujaza seli hizo. Kwa kondoo wa maziwa wa Ulaya, kiwango cha kurithika kwa kipimo hicho huwa kati ya 0.1 na 0.2. Kwa lugha ya zizini: tofauti unazoziona kati ya majike wako ukizigawa mafungu kumi, fungu moja au mawili ndiyo unayoweza kuyapitisha kwa kizazi kijacho kwa kuchagua wazazi. Mafungu yaliyobaki ni usafi, chakula, umri, idadi ya watoto na bahati.

Fungu moja ni dogo, lakini linajumlishana mwaka hadi mwaka. Ufaransa wamelithibitisha kwa kondoo wa Lacaune, wale ambao maziwa yao hutengeneza jibini la Roquefort. Katika shamba la utafiti la La Fage walitenga koo mbili, moja ya wazazi wenye seli nyingi na nyingine ya wenye seli chache. Mabinti wa ukoo wa seli chache waliambukizwa kidogo zaidi, na walipoambukizwa walijisafisha upesi zaidi.

Umbo la kiwele ndilo habari njema kwa sisi tusio na maabara. Kina chake, namna kilivyoshikiliwa na tumbo, na mkao wa chuchu hurithika zaidi kuliko ugonjwa wenyewe, mara nyingi karibu mara mbili. Kiwele kinachoning'inia chini ya magoti ya nyuma hukwaruzwa, hukanyagwa na hulala kwenye samadi. Chuchu nene kupita kiasi, au iliyotazama mbele mno, mtoto mchanga haishiki vizuri. Maziwa hubaki, na yanayobaki huharibika. Hayo yote unayaona kwa macho, bila kipimo chochote.

Vigezo vya kulinganishia

Kila njia nitaiuliza maswali yale yale. Unajua nini kuhusu viwele vya ukoo wa dume huyo? Je, ana undugu wa damu na majike wako? Watoto wake watamudu malisho uliyonayo? Itakugharimu nini, fedha na kazi? Na kama umekosea, utajua baada ya muda gani?

Ili swali la kwanza lijibike, ni lazima ujue kushika kiwele. Wakati mzuri ni majuma machache baada ya kuachisha kunyonya, kiwele kikishakauka. Mafundo yaliyojificha kwenye maziwa hapo ndipo yanapotokeza chini ya vidole. Kondoo ana nusu mbili tu, kila moja na chuchu yake, kwa hiyo shika zote mbili kwa mikono miwili kwa wakati mmoja na kulinganisha. Nusu moja ikiwa ndogo, ngumu kama kiazi kibichi, au ikiwa na vijifundo kama punje za mahindi, kuna ugonjwa uliopita hapo, hata kama mwenye kondoo anakuapia kwamba hajawahi kuugua.

Kwa anayenyonyesha kuna kipimo cha CMT, kile cha sabuni ya zambarau kinachotumiwa na wafugaji wa ng'ombe, na maduka mengi ya dawa za mifugo wanakijua. Unakamua kidogo kwenye kibakuli, unaongeza dawa kiasi kile kile, unazungusha. Maziwa safi hubaki maji. Yenye seli nyingi huvutika kama mlenda, kwa sababu sabuni hupasua seli na kuachia nyuzi za urithi zilizomo ndani yake. Kipimo hiki kilibuniwa kwa ng'ombe, nacho ni cha 1957, kwa hiyo kwa kondoo usishtushwe na mlenda mdogo. Shtushwa na nusu moja kuvutika na nyingine kubaki maji.

Njia ya kwanza: dume aliyezaliwa zizini mwako

Kwa swali la kiwele, huyu ana sifa ambayo wengine hawana: mama yake umemlisha wewe. Kama ana uzao minne na kiwele bado kinalingana pande zote, hiyo ni taarifa ya miaka minne, mvua na kiangazi, na ina thamani kuliko cheti chochote. Sharti ni kuwa umeandika. Kumbukumbu ya kichwani hudanganya. Mimi nililiona fundo la bibi wa mapacha, nikalisahau kwa sababu alikuwa akizaa watoto wakubwa. Daftari la kurasa arobaini linatosha: namba ya hereni, tarehe ya kuzaa, watoto wangapi, kiwele baada ya kuachisha.

Damu ndilo tatizo lake. Dume wa nyumbani ni kaka wa baba mmoja kwa majike vijana walio zizini. Katika uzao wa ndugu wa baba mmoja, kila jeni ina nafasi ya asilimia 12.5 ya kuwa na nakala mbili zilizotoka kwa babu yule yule. Akibaki hadi apande binti zake mwenyewe, nafasi inafika asilimia 25. Matokeo yake ni watoto wepesi wa kilo, wanaokufa mapema, na kinga dhaifu, ikiwamo ya kiwele. Unakuwa umetibu jicho kwa kulichoma kidole.

Malisho hayana shida, watoto wake wamezoea nyasi zako. Gharama ya fedha karibu hakuna, isipokuwa kumlisha miezi minane au zaidi badala ya kumuuza. Kuhusu muda, subiri: yeye mwenyewe akomae, majike wapate mimba ya miezi mitano, mabinti wakue na kuzaa. Unazungumzia miaka mitatu hivi kabla ya kushika kiwele cha binti yake wa kwanza.

Anamfaa mwenye majike thelathini na zaidi, waliotoka kwa madume tofauti, na daftari lililoandikwa. Mwenye majike wanane waliozaliwa na baba mmoja hapaswi hata kulifikiria.

Njia ya pili: dume wa jirani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye faida ambayo watu wengi hawaioni.

Tunapokwenda kwa jirani kutafuta dume huwa tunaangalia kijana: meno mapya, makende mazuri, anaruka. Mzee wa miaka minne mitano tunampita, maana yuko njiani kwenda kuchinjwa. Lakini yule mzee ana kitu ambacho kijana hana, nacho ni mabinti waliokwisha kuzaa. Wako pale pale malishoni, na viwele vyao unaweza kuvishika leo, mchana kweupe.

Hesabu yake ni hii. Kwa sifa inayorithika kwa 0.1, kumjua dume kupitia mama yake aliyetazamwa mara moja ni kama kumtambua mtu kwa kisogo chake. Mabinti kumi wakikaguliwa, usahihi wa makisio yako hupanda karibu mara tatu, kwa kuwa kila binti amebeba nusu ya jeni za baba yake, na bahati mbaya ya mmoja hufidiwa na wenzake. Nchi zenye ufugaji mkubwa wa maziwa zilitumia fedha nyingi kwa miaka mingi kupata taarifa hiyo, kuwasubiri mabinti wa dume wazae ndipo aruhusiwe kupanda kwa wingi. Sisi tunayo ng'ambo ya mto, na tunaichinja Idd.

Jirani naye anamhitaji mtu wa kumwondolea dume huyo, maana binti zake wamekomaa na hatari ya damu inamkabili. Kwa hiyo mnabadilishana. Shemeji yangu wa Amudat, kule Karamoja kwenye nchi kavu ya kaskazini-mashariki, anasema kwao jambo hili si geni, dume kukopeshwa kwa ndugu au rafiki na kurudi na mtoto mmoja wa kike kama shukrani. Nilipomweleza habari ya kushika viwele vya mabinti alicheka akaniambia, "Shemeji, wewe unataka kuoa au unataka dume?" Baadaye alinyamaza akakumbuka dume mmoja wa baba yake ambaye mabinti zake wote walikuwa na chuchu nene kama vidole gumba, na watoto wao walikuwa wakifa kwa njaa huku maziwa yamejaa.

Kuhusu damu: hakikisha jirani si yule uliyemuuzia majike miaka mitano iliyopita. Vijijini kwetu kundi moja huzaa makundi sita, na unaweza kuvuka bonde ukarudi na mjukuu wa dume wako mwenyewe. Ikiwezekana vuka mbali zaidi. Sensa ya mifugo ya 2008 ilihesabu kondoo milioni 3.4 Uganda nzima, na karibu nusu yao walikuwa Karamoja. Hatuna upungufu wa damu ya kienyeji, tuna uvivu wa kuitafuta.

Kuhusu malisho hakuna wasiwasi mkubwa kama jirani analisha unapolisha wewe. Ukimtoa dume joto la Amudat ukamleta baridi na ukungu wa mlimani, mpe muda, na uangalie kwato na minyoo.

Gharama ni ndogo, lakini kazi ipo. Mabinti kumi kuwashika ni nusu siku, na mwenye kondoo lazima akuamini. Dume mzee ana misimu miwili mitatu tu iliyobaki, meno yatazamwe. Makende yashikwe pia: yakiwa na uvimbe au moja dogo, achana naye, kuna ugonjwa wa kutupa mimba unaosafiri na madume wa kukopeshana. Mtenge majuma matatu kabla ya kumchanganya. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Karamoja 2007 na haijatusahau, kwa hiyo uliza chanjo. Akivuka wilaya, kibali cha kusafirisha mifugo kinatoka kwa daktari wa mifugo wa wilaya, na karantini ikiwa imetangazwa, hakuna njia ya mkato yenye heri.

Muda ndio uzuri wake. Ukikosea, umekosea kidogo, maana ulikwisha kuona mabinti. Wa kwako wataanza kuzaa baada ya miaka miwili hivi.

Anamfaa mfugaji mdogo mwenye majirani wanaosemezana vizuri. Hamfai mtu ambaye majirani wake wote walinunua kutoka zizi moja, wala mwenye haraka ya soko la nyama la Kampala.

Njia ya tatu: Dorper au chotara wake

Huku kwetu kichwa cheusi cha Dorper kinawavuta watu kama gari jipya, na kuna sababu. Aina hii ilitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na Persia mwenye kichwa cheusi, lengo likiwa nyama kwenye nchi kavu. Anakua haraka. Watoto wa kwanza wa Dorper na jike wa kienyeji hupata pia nguvu ya uchotara, na mnunuzi anaiona kwenye mzani.

Kwa swali la kiwele tatizo ni kwamba mama yake yuko mbali, pengine ng'ambo ya Suam, mpakani na Kenya. Vyeti vya ukoo nilivyowahi kuvishika mkononi viliandika baba, babu na uzito wa kuachisha, kiwele hakikuwamo. Simaanishi kuwa Dorper ana kiwele kibaya, bali wewe hujui, na muuzaji pengine hajui. Kama anatoka shamba ambalo mama zao wako pale pale, omba kuwaona. Muuzaji mwaminifu atakupeleka zizini. Anayekuletea visingizio vitatu mfululizo amekujibu.

Hapa kuna jambo ambalo wapenda ukubwa wanapaswa kulisikia. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa waligundua kwa Lacaune badiliko dogo kwenye jeni iitwayo SOCS2, katika kromosomu ya 3. Kazi ya jeni hiyo ni kama breki: hupunguza amri za homoni ya ukuaji na za chembe za kinga. Breki ikilegea, kondoo anakua mkubwa na kutoa maziwa zaidi, lakini uvimbe wa kiwele nao haupoi upesi, na seli kwenye maziwa hupanda. Kwa kuwa wafugaji walikuwa wakichagua wakubwa na wenye maziwa, bila kujua waliilea jeni hiyo hiyo. Hiyo ni hadithi ya Lacaune na usimhukumu Dorper kwayo. Inachoonyesha ni kwamba ukimchagua dume kwa kilo peke yake, kiwele kinaweza kulipa bila wewe kuona bili.

Damu hapa ni safi kabisa, hana undugu na majike wako. Kwa kigezo hiki anawashinda wote.

Malisho ndiyo mtihani. Huko Diani, pwani ya Kenya, watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, walilinganisha Dorper na kondoo mwekundu wa Kimaasai katika miaka ya 1990. Penye unyevunyevu na minyoo inayofyonza damu, kondoo huyo wa Kimaasai alimshinda Dorper: watoto wake walibeba minyoo kidogo na walikufa wachache. Kwenye nchi kavu tofauti ilikuwa ndogo. Kiwele kinahusika vipi? Mama aliyefyonzwa damu na minyoo hana maziwa ya kutosha, na mtoto wa Dorper ni mzito, ana njaa, anasukuma kiwele kwa kichwa na kuing'ata chuchu. Vidonda hivyo ndiyo mlango wa bakteria. Nimeona chuchu za jike mdogo wa kienyeji zilizonyonyesha mapacha chotara zimechanika kama midomo ya mtu mwenye homa.

Gharama: fedha nyingi, bei ya mmoja inaweza kukununulia madume kadhaa wa kienyeji, na bado hujanunua dawa za minyoo na chakula cha nyongeza. Wengine huuliza kama mbegu ya kupandikiza ingekuwa nafuu. Entebbe kuna kituo cha taifa cha rasilimali za jenetiki za wanyama, NAGRC&DB, kilichoundwa chini ya sheria ya ufugaji wa wanyama ya 2001, lakini huduma ya mbegu tuliyoizoea ni ya ng'ombe. Mlango wa kizazi cha kondoo jike umejikunja kama konokono, mrija haupiti kirahisi, na mbegu iliyogandishwa huhitaji upasuaji mdogo wa tumbo ili ifanye kazi vizuri. Si kazi ya zizini.

Muda wa kujua kosa ni ule ule wa miaka miwili, lakini kuna ujanja hapa. Kama chotara wote, wa kike na wa kiume, unawauza kwa nyama, basi kiwele cha mabinti hakikuhusu, kwa kuwa hawatazaa kwako. Katika hali hiyo Dorper ana mantiki safi. Balaa huanza pale mtu anapobakiza mabinti wazuri "wa mbegu" bila kuwa amewahi kuona kiwele hata kimoja cha upande wa baba yao.

Anamfaa mwenye malisho mazuri, ratiba ya dawa, majike wenye mwili mkubwa, na soko la nyama lililo karibu. Hamfai anayetegemea wana-kondoo wajitafutie kwenye miiba.

Njia ya nne: kupima jeni

Hii nitaipitia haraka kwa sababu kwa wengi wetu bado ni ya kutazama kwa mbali. Chipu za kusoma makumi ya maelfu ya alama za jeni za kondoo zipo tangu takriban 2009. Kusoma si shida. Shida ni tafsiri. Alama huwa na maana pale tu maelfu ya kondoo wa aina ile ile wameshapimwa jeni na kuhesabiwa seli za maziwa, ili ijulikane alama ipi inaendana na kiwele kipi. Tafsiri ya Lacaune haisomeki kwa kondoo wa mkia mnene wa Karamoja.

Kiwele cha ukoo: ungejua mengi, kama tafsiri ingekuwapo. Damu: hapa kipimo kina faida hata leo, maana kinaonyesha undugu uliofichika. Malisho: hakisemi kitu. Gharama: sampuli kusafirishwa, maabara, mtaalamu wa kusoma. Muda: ndiyo sifa yake kuu, dume wa wiki moja angejulikana kabla hajaota pembe.

Inawafaa taasisi, mashamba ya mbegu na vyama vyenye makundi makubwa. Kama kuna watafiti wa Makerere au wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Nabuin, Karamoja, wanaoomba kuchukua sampuli za maziwa na damu zizini mwako, wakubalie. Kesho yenye tafsiri ya kondoo wetu itajengwa na sampuli hizo.

Kwa hali yako

Kama una majike chini ya kumi na watano, usilee dume wa nyumbani. Kubadilishana na jirani ndiko kunakufaa, na ubadilishe kila baada ya miaka miwili, kabla binti zake hawajaanza kupandwa.

Kama una majike arobaini na daftari la miaka mitatu, unaweza kuchanganya: bakiza dume mmoja kutoka kwa mama mwenye uzao minne safi, umpe majike wasio wa baba yake, na walio wa baba yake wapandwe na wa kukopa. Kazi inaongezeka, hasa kutenga mazizi mawili wakati wa kupandisha, ila ni miezi miwili tu kwa mwaka.

Unayeuza nyama tu, una nyasi za kutosha na hubakizi mabinti chotara, mchukue Dorper. Bakiza kundi dogo la majike wa kienyeji kwa ajili ya uzazi, na hao wapandwe na dume wa kienyeji mwenye mama anayejulikana.

Uliye kwenye miiba na safari ndefu, kama shemeji wa Amudat, tazama umbo kuliko kipimo cha sabuni. Kiwele kilichoshikwa juu, chuchu za wastani zilizotazama chini na pembeni kidogo. Jike wa hivyo hukwaruzwa mara chache, na mtoto wake ndiye dume unayemtafuta.

Na kama msimu huu viwele vitano vimeugua kati ya ishirini, dume si jibu lako la mwaka huu. Kausha zizi, tibu vidonda vya midomo ya watoto, ongeza chakula cha mama wa mapacha, mwite daktari. Wenye mafundo wauzwe kwa nyama baada ya muda wa dawa kwisha mwilini, pamoja na watoto wao wa kiume, ambao wasiachwe bila kuhasiwa. Dume mpya mtafute wakati wa utulivu, miezi miwili kabla ya kupandisha.

Mimi mwaka huu nimebadilishana na mama mmoja wa ng'ambo ya bonde. Dume wake ana miaka minne, jino moja la mbele limelegea, na sikio lake la kushoto limechanwa na mbwa. Kiguu chake cha nyuma hakipendezi sana. Alinifungulia zizi nikashika mabinti tisa, yeye akiwashika shingo na kunitajia nani alizaa lini. Wanane walikuwa sawa pande zote. Wa tisa ana fundo upande wa kulia, dogo kama haragwe, na mama yule alisema ni mwiba. Inawezekana. Nimemwandika pia.